Teke la Jumapili na Uvimbe Usiokwisha



Jumatatu asubuhi, nyapara akiita majina, huwakosi wawili au watatu waliosimama kwa mguu mmoja. Huyu ameegemea mpini wa jembe, yule ameshika bega la mwenzake. Ukiwauliza wana nini watakujibu, "Si kitu, ni mpira tu." Wanakwenda kukata miwa hivyo hivyo, au wanasimama kwenye mashine zamu nzima. Baada ya majuma matatu mmoja wao atapandisha suruali na kukuonyesha nundu ngumu kama kokwa la embe, ngozi juu yake imepiga weusi. Atakuuliza, "Hivi hii itakwisha lini?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza. Jibu lake linategemea ni uvimbe wa namna gani. Upo wa kungojewa. Upo wa kupelekwa hospitali juma hili. Na upo ambao ukiungojea mpaka kesho asubuhi, mguu umekwenda.

Wala tusidhani kwamba dawa ni kuacha mpira. Mpira na kazi katika nchi zetu ni ndugu wa siku nyingi. Klabu ya KCC ya Kampala ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa halmashauri ya jiji, wa idara ya maji machafu. Kwa majirani zetu, Mtibwa Sugar, timu ya miwa ya Morogoro, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000, na Sony Sugar ya Kenya ikawa bingwa mwaka 2006. Watu waliotoa jasho shambani ndio waliozijaza nyanja hizo. Basi tucheze, lakini tuijue miguu yetu.

Mtu anapopigwa teke, mishipa midogo ya damu hupasuka chini ya ngozi hata kama ngozi yenyewe haikuchanika. Damu ikishatoka nje ya mshipa haina njia ya kurudi. Huvilia pale pale, huganda, na mwili hupeleka chembe zake kuiondoa kidogo kidogo. Kazi hiyo ndiyo inayobadilisha rangi: mwanzo wekundu au zambarau, baada ya siku tano au zaidi kijani, kisha manjano na hudhurungi. Kwa kawaida majuma mawili au matatu yanatosha. Lakini vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwetu sisi rangi hizo hazionekani vizuri, utaona weusi tu. Kwa hiyo tumia mkono. Linganisha mguu huu na ule: una joto zaidi? Ni mgumu? Unauma ukibonyezwa, na je, leo unauma kuliko jana?

Jambo linalowatisha wengi ni kuhama kwa weusi. Umepigwa pajani, siku ya nne weusi umetokea gotini au kwenye kifundo cha mguu, na watu wanaanza kunong'ona kwamba umerogwa. Hukurogwa. Damu hufuata mteremko kama maji ya mfereji.

Ugoko nao una tabia yake. Mahali pale ngozi imelala juu ya mfupa, hakuna nyama ya kulipokea teke. Damu huweza kujikusanya hata chini ya utando unaofunika mfupa, na mafuta machache yaliyo chini ya ngozi hupondeka na kufa. Mafuta hayo yaliyokufa hugeuka kuwa kidonge kigumu kisichouma sana, ambacho huweza kukaa miezi mingi, na pengine kikiondoka huacha kishimo. Nundu ya namna hii, maadamu inapungua, hata kwa mwendo wa kinyonga, haihitaji dawa. Safari nyingine damu haigandi bali hubaki majimaji ndani ya mfuko: ukibonyeza upande huu, upande wa pili unainuka. Majimaji hayo huweza kuvutwa kwa sindano hospitalini, kwa usafi. Usikubali kupasuliwa kwa wembe nyumbani. Damu iliyokaa chini ya ngozi ni chakula kizuri cha vijidudu, na nundu ambayo ingekwisha yenyewe inageuka jipu.

Sasa nifike kwenye paja, maana hapa ndipo tunapojiumiza kwa mikono yetu wenyewe.

Nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya shamba. Katika mchezo mmoja mshambuliaji wa timu ya kiwandani aliniingiza goti katikati ya paja. Nikamaliza mchezo, kwa ujinga. Jioni paja lilikuwa limejaa hata suruali haipandi. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye mikono ya kuheshimiwa, aliyekwisha kanda nusu ya kambi ile, akaja na beseni la maji ya moto na chupa ya mafuta.

"Vumilia, mwanangu," alisema. "Damu mbaya lazima isambazwe."

"Mzee, inauma sana."

"Kuuma ndiko kupona."

Alinikanda kila jioni kwa siku tano. Siku ya tatu nilikuwa nimekwisha rudi shambani na panga. Majuma manne baadaye maumivu yalipungua, lakini goti lilikataa kukunja. Nikitaka kuchuchumaa, naanguka kando. Na ndani ya paja kulikuwa na kitu kigumu kama kipande cha mti. Katika hospitali ya wilaya walinipiga picha ya eksirei. Daktari akaiinua picha dirishani, akanionyesha wingu jeupe lililokaa pembeni ya mfupa wa paja.

"Huu ni mfupa," alisema. "Msuli wako umeanza kuota mfupa."

Sikumwamini, lakini ndivyo ilivyo. Damu nyingi ikivilia ndani ya msuli mkubwa uliopondeka, chembe zinazokuja kuutengeneza msuli huweza kukosea njia zikajenga mfupa mahali pa nyama. Hutokea zaidi pajani, na pia katika mkono juu ya kiwiko. Si kila aliyepigwa goti hupatwa na jambo hilo. Lakini hatari huongezeka mtu akikandwa kwa nguvu siku za mwanzo, akiwekewa joto, akilazimishwa kukunja goti kwa kulivuta, au akirudi uwanjani na kazini kabla ya wakati, kwa sababu kila mara damu mpya hutoka juu ya ile ya zamani. Katika picha mfupa huo huanza kuonekana baada ya majuma matatu au manne hivi. Huendelea kukomaa kwa miezi, na mara nyingi hupungua wenyewe kwa mtu anayefanya mazoezi ya taratibu. Wachache tu hupasuliwa, na hapo daktari hungoja mpaka mfupa ukomae, pengine miezi sita hata mwaka, maana ukikatwa ungali mbichi huota tena.

Simlaumu yule mzee. Alifanya kwa nia njema, wala hakunidai hata senti. Tena kukanda si uovu. Kukanda polepole, uvimbe ukishapoa na maumivu yakishatulia, kumewasaidia wengi. Kosa letu lilikuwa la siku.

Basi siku tatu za mwanzo zipewe heshima yake. Ukiumia, toka uwanjani. Timu yenye mchezaji mchechemeavu inacheza na watu kumi tu. Weka baridi. Barafu hupatikana kwa muuza soda au muuza samaki. Ifunge katika kitambaa, kwa kuwa juu ya ngozi tupu huunguza, iweke dakika 10 mpaka 20, uiondoe, urudie baada ya saa mbili au tatu. Kama hakuna barafu, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini ni bora kuliko kukaa bure. Funga bendeji isiyobana, lala mguu ukiwa juu ya mto au gunia. Maji ya moto, mafuta ya kuchoma na kukandwa vyote vingoje. Pombe nayo ingoje: hupanua mishipa, na tena mlevi hajui mguu wake unauma kiasi gani. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa kuliko aspirini, kwa sababu aspirini huzuia damu isigande upesi. Mtu asiyeweza kukanyaga hata hatua nne apelekwe kupigwa picha, huenda ni mfupa uliovunjika.

Kwa paja, madaktari wa chuo cha kijeshi cha West Point huko Marekani walikuwa wakiwafunga wanafunzi wao goti likiwa limekunjwa kwa saa 24 za kwanza. Msuli uliovutwa hivyo hauipi damu nafasi ya kujikusanya, na goti halisahau kukunja. Lakini jambo hilo lifanywe na mtu aliyefunzwa. Bendeji iliyobana kupita kiasi huweza kusaidia kuleta balaa ninalotaka kulieleza sasa, na ndugu zangu naomba hapa msome polepole.

Misuli ya mguu chini ya goti imekaa ndani ya vifuko vinne vya utando mgumu usiotanuka. Damu ikijaa katika kifuko kimojawapo, mbano hupanda mpaka damu safi inashindwa kuingia, na msuli huanza kufa. Muda wa saa sita hivi unatosha kuleta uharibifu usiorudi nyuma. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na teke lenyewe. Badala ya kupungua yanazidi, vidonge havisaidii, na ukivuta vidole vya mguu wa mgonjwa atapiga kelele. Kigimbi kimekuwa kigumu kama ubao. Halafu huja ganzi na kuchomachoma vidoleni.

Mtu wa namna hiyo asingojewe mpaka zahanati ya shamba ifunguliwe. Fungua bendeji. Mguu uwe sawa na mwili, usiuinue juu wala usiuwekee barafu. Tafuta chombo usiku huo huo, hata kama ni trekta, mfikishe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, ambako utando ule utapasuliwa ili msuli upate kupumua. Mtu akikuambia, "Mapigo ya damu bado yanasikika kwenye wayo, hakuna hatari," usimsikilize. Mapigo huweza kusikika huku msuli unakufa.

Hatari nyingine huja pole. Mtu amelala na mguu siku kadhaa, kisha kigimbi kinavimba chote, kina joto na kinauma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa. Huyu naye asikandwe hata kidogo, kwa sababu donge likibanduka huenda mpaka mapafuni. Akianza kukosa pumzi au kifua kumchoma, ni safari ya hospitali mara moja.

Nije kwa ule uvimbe wa miezi, ambao watu wameuzoea mpaka wameupa jina la utani.

Wengi wetu tunalijua jina la Bob Marley, aliyekuja kuimba Zimbabwe ilipopata uhuru, Aprili 1980. Alipenda mpira kupita kiasi. Mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia alipokuwa akicheza, na kidonda hakikupona. Kilipopimwa, ikaonekana ni saratani ya ngozi chini ya ukucha, aina ambayo huwapata watu weusi pia, kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Alishauriwa kidole kikatwe, hakukubali. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Mpira haukuleta saratani ile. Ubaya wa mpira ni kwamba kila mchezaji ana teke la kukumbuka. Uvimbe wowote ukitokea mguuni, hatukosi kusema, "Ah, huu ni wa ile mechi ya Pasaka." Kwa hiyo usiulize tu ulianza lini, uliza unakwenda wapi. Uvimbe wa damu hupungua. Kama baada ya majuma manne mpaka sita haujapungua, au unakua, au ni mkubwa kama yai la kuku na umejificha ndani ya nyama, nenda ukaonwe, hata kama hauumi. Kutouma si ushahidi wa usalama. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku akiwa amelala pia yana maneno yake, hasa kwa vijana wanaokua, karibu na goti, ambako saratani ya mfupa hupenda kuanzia. Na ukifika kwa daktari mtajie tarehe uliyoumia. Msuli ulioota mfupa na saratani ya mfupa huweza kufanana katika picha, na tarehe humsaidia kupambanua.

Kuna weusi mwingine wa miguuni unaopaswa kujulikana katika nchi hii. Ni madoa ya zambarau au meusi yasiyouma, yasiyofifia, yanayoongezeka moja baada ya jingine, na pengine mguu wote ukavimba. Huenda ni saratani ya Kaposi. Ilijulikana Afrika Mashariki na ya Kati kabla ya UKIMWI, kisha UKIMWI ukaieneza zaidi. Ina matibabu, na yanafaa zaidi mtu akiwahi. Pale Mulago, Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo katika kazi hiyo tangu mwaka 1967. Mtu mwenye madoa asiyekumbuka kupigwa asijibunie teke kwa sababu ya aibu.

Sasa habari ya kazi na mshahara. Kwa nini wenzetu husema "ni mpira tu"? Wanaogopa. Wanadhani kwamba kwa kuwa hawakuumia kazini, siku watakazolala ni hasara yao na huenda wakafukuzwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haisemi hivyo. Mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mfululizo, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au kuumia, anastahili mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kwake. Sheria inataka amjulishe mwajiri mapema awezavyo, na alete cheti cha daktari kikitakiwa. Haimwulizi kama aliumia kwa panga au kwa mpira. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mwajiri nafasi ya kuvunja mkataba kama ugonjwa unaendelea baada ya mwezi wa pili. Hesabu ni rahisi: aliyelala siku tano za mwanzo kwa cheti yuko salama kuliko aliyejificha siku tano, kisha akakaa miezi mitatu. Mimi nilikuwa wa pili. Nilipewa kazi ya kuhesabu mafungu ya miwa mpaka goti lilipokubali, na hiyo ilikuwa huruma ya nyapara tu; mwingine angeniondoa.

Je, fidia? Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 inahusu ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea katika kazi. Mwajiri atasema mechi ya timu ya kampuni ni starehe. Lakini kama uliitwa kwa tangazo lenye muhuri, ukaruhusiwa kutoka zamu, ukapandishwa gari la kampuni na kuvaa jezi yenye jina lake, chama kina mahali pa kusimama na kubishana. Tunza lile tangazo. Andikisha ajali katika kitabu cha zahanati siku ile ile, pamoja na majina ya walioona, kisha mwone katibu wa tawi. Bila karatasi hata mimi nitakosa la kusema mbele ya meneja.

Tena tawi lina la kudai kabla mtu hajaumia. Tangu mwaka 1990 kanuni za FIFA zinamlazimu kila mchezaji kuvaa kinga za ugoko. Mashambani kwetu jezi hununuliwa, kwa kuwa zina jina la kampuni kifuani na zinapendeza pichani. Kinga hazionekani pichani, hivyo vijana wetu huingiza vipande vya katoni ndani ya soksi. Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano na mwajiri, pamoja na barafu kwenye zahanati siku za mechi.

Paja langu lina kile kipande hata leo, kidogo sasa, kama harage. Goti linakunja vizuri. Yule mzee bado anakanda watu, na foleni yake Jumapili jioni haijapungua. Ila siku hizi kabla hajashika mafuta humwuliza mtu aliumia lini. Akisikia ni leo au jana, humpa kitambaa cha maji baridi na kumwambia arudi juma lijalo.